Sumu Hufuata Njia ya Chakula

Leo tuzungumzie sumu isiyoonekana wala kunuka.

Tarehe 26 Aprili 1986 mtambo wa nyuklia ulilipuka huko Chernobyl, Ukraine. Upepo ukabeba vumbi lenye mionzi hadi Norwei na Uswidi, mvua ikaliangusha chini. Huko Wasami hufuga kulungu wa nchi za baridi, kama sisi tunavyofuga ng'ombe. Wakati wa theluji kulungu hula kuvumwani, ile inayoota juu ya mawe na ardhi. Haina mizizi, hujilisha kwa hewa na mvua. Basi sumu iitwayo sesiamu 137 ikaingia kwenye kuvumwani, ikamfuata kulungu, ikafika mpaka sahanini. Nyama nyingi ikatupwa, wafugaji wakapata hasara. Na sumu hii huchukua miaka 30 hivi kupungua nusu tu!

Je, walikata tamaa? La. Walianza kupima kulungu wangali hai. Aliyezidi kipimo hulishwa chakula safi wiki kadhaa, sumu ikapungua mwilini, ndipo achinjwe.

Basi tushike hili: tukitaka nyama salama, kwanza tuulize mnyama amekula nini.