Vilainishi vya Plastiki Kutoka Mimeani: Usalama Hupimwa, Haudhaniwi



Mifuko mingi ya damu inayotundikwa wodini hutengenezwa kwa PVC. Plastiki hii kwa asili ni ngumu. Ndiyo ya mabomba ya maji. Ili ikunjike bila kupasuka huchanganywa na kilainishi, ambacho katika mfuko wa damu huweza kufikia theluthi moja ya uzito. Molekuli zake hujipenyeza kati ya minyororo mirefu ya plastiki na kuiachanisha, kama mafuta yanavyozuia tambi kugandana. Hazikufungwa humo kikemia, kwa hiyo hutoka, hasa zikikutana na mafuta yaliyomo katika damu, maziwa au chakula.

Kwa miongo mingi kilainishi kilichotawala ni DEHP, cha jamii ya thaleti, zao la petroli. Kwa wanyama wa maabara kimevuruga homoni za kiume na kudhuru korodani. Mwaka 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwatahadharisha madaktari, hasa kuhusu watoto wachanga wa kiume. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2005, uliweka ukomo wa asilimia 0.1 katika vitu vya kuchezea watoto. Hofu yangu kubwa ni kwa watoto njiti: miili midogo, mirija mingi ya plastiki hii.

Kutafuta vilainishi mimeani si jambo geni. Selulodi, plastiki ya mvumbuzi John Wesley Hyatt, huko Marekani mwaka 1870, ililainishwa kwa kafuri ya mti. Leo mafuta ya soya huongezwa oksijeni kwa kutumia peroksidi ya hidrojeni ili yawe kilainishi, na mafuta ya nyonyo yamezaa kilainishi kinachouzwa Ulaya. Asidi ya sitriki, inayopatikana kwa kuchachusha sukari kwa kuvu, ndiyo msingi wa vilainishi vya sitreti, na kimojawapo kimeshaingia katika mifuko ya damu.

Lakini asili ya mmea si cheti cha usalama. Kilainishi cha soya nacho huhama kutoka kwenye vifuniko vya chupa na kuingia katika vyakula vyenye mafuta, hata Ulaya ikakiwekea ukomo wa miligramu 30 kwa kilo katika vyakula vya watoto wachanga. Tena DEHP yenyewe huimarisha utando wa seli nyekundu, zisipasuke zikiwa ghalani. Mbadala usioweza kuzilinda seli hizo utampa mgonjwa damu iliyoharibika.

Tuje nyumbani Tanzania, Mtwara na Lindi. Ndani ya ganda la korosho mna utomvu mweusi unaochubua vidole. Wabanguaji hujipaka majivu au mafuta kujikinga. Ukichemshwa, hutoa kadanoli, molekuli yenye mkia wa kaboni 15. Maabara mbalimbali zimeshaibadili kadanoli kwa kuifunika sehemu yake inayowasha na kuuongezea mkia oksijeni, na zao lake limelainisha PVC. Lakini sehemu kubwa ya korosho yetu huuzwa nje ikiwa ghafi, na ganda huondoka nayo.

Naomba tuyabakize maganda hayo na tuyafanyie kazi kwa utaratibu. Kabla ya kilainishi chochote kuitwa salama, tujibu maswali matatu: kiasi gani hutoka plastiki ikiguswa na mafuta? Mwili hukigeuza kuwa nini? Plastiki hubaki laini kwa muda gani? La kwanza na la tatu yanaweza kujibiwa na mkemia. La pili linadai mtaalamu wa sumu, daktari na miaka ya uvumilivu, na ndilo hupewa fedha kidogo mno. Serikali na viwanda vianze kulipia jibu hilo sasa, kabla bidhaa haijafika sokoni, ili watoto wetu wasigeuzwe kuwa kipimo.