Sifa na Matukano: Tulinde Mioyo Yetu

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wafanyakazi wa mgodi na wakaaji wa mji, siku ya Jumapili baada ya misa. Tunayapiga chapa jinsi yalivyosemwa.)



Leo hatukuja kusema habari za mshahara, ingawa tunajua ndizo mnazongoja. Tumekuja kusema habari za masikio. Mshahara mdogo mtu anauona siku ya kulipwa, anauhesabu, anasikitika. Lakini kuna mwizi mwingine anayeingia kwa njia ya sikio, anachukua akili ya mtu, na mwenye nyumba anamshukuru na kumpa kiti. Jina lake ni Sifa. Anaye ndugu yake, jina lake Matukano. Wote wawili ni watoto wa mama mmoja.

Sisi tunaosema ni makarani. Tulisoma shule ya misioni, tukajifunza kuandika kwa mstari na kuhesabu bila kukosa. Kila asubuhi mnapita mbele ya dirisha letu, tunaandika majina yenu katika buku. Basi tukitaka kuwaonya ninyi, inafaa kwanza tuseme makosa yetu wenyewe. Mtu asiyeonyesha kidonda chake hana haki ya kuuza dawa.

Sikieni. Katika shimo tunapofanya kazi, fundi mmoja wa kusimamisha miti ya kuzuia mwamba alikuja dirishani siku ya Ijumaa. Akasema, «Karani, andika: miti ya njia ya tatu imeoza.» Tukaandika. Jumanne jiwe likaanguka, likavunja mguu wake. Jioni ile bwana mkubwa wa shimo alituita ofisini. Hakugombeza. Alitupa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema mwandiko wetu ni mzuri kuliko wa makarani wote aliowaona. Akasema sisi si kama wale wengine, sisi tuna akili ya kufahamu mambo ya kampani. Kisha akasema pole pole kwamba ripoti ya ajali ingekuwa nzuri zaidi kama ingesema fundi yule hakufuata amri.

Wandugu, hakutupa hata franka moja. Kama angetoa matabishi, labda tungeshtuka, maana matabishi tunayajua. Alitupa kiti na maneno matamu tu. Na mkono huu uliofundishwa na mompere kuandika kweli ukaandika uwongo, kwa mwandiko ule ule mzuri. Ijumaa tuliandika kwamba miti imeoza, na Jumanne tukaandika kwamba kosa ni la mtu. Fundi yule akakosa malipo ya mguu wake. Mke wake akaanza kuuza makala barabarani.

Hiyo ndiyo kazi ya sifa. Wazee wa Waswahili husema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi tulisifiwa, tukatia maji katika kweli.

Sasa sikieni kosa la pili, maana msidhani sifa peke yake ndiyo inayoharibu. Habari za ripoti zikasikika kambini. Watu wakatuita watumwa wa wazungu, wakatuita mbwa wa mlangoni. Tulistahili neno lile, hatukatai. Lakini tulifanya nini nalo? Tulikuwa tunashika buku la sanduku la maziko, lile ambalo kila mtu analitia kidogo mwisho wa mwezi. Tuliona kwamba watu wawili wenye sauti kubwa wameazima fedha bila kurudisha. Ilifaa tuseme. Tukaogopa. Tulisema moyoni: tukiwataja hawa, watatutukana mara ya pili, watasema tunawasema kwa sababu sisi ni watu wa bwana. Tukafunga buku, tukafunga na kinywa. Mvua ilipoanza, mtoto wa mwenzetu alikufa kwa homa, na sanduku lilipofunguliwa fedha haikutosha hata kununua mbao. Baba yake alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba.

Mnaona, wandugu? Mara ya kwanza tuliandika uwongo ili tusifiwe, na mara ya pili tulificha kweli ili tusitukanwe. Hata mara moja akili yetu haikuwa yetu. Ilishikwa na kamba mbili, moja mkononi mwa bwana, moja mkononi mwa jirani.

Msifikiri jambo hili limeanza nasi. Tuangalie mambo yaliyowapata wazee wetu katika inchi hii.

Wakati wa vita ile kubwa, shaba ya Katanga ilitakiwa sana na Waingereza na Wamarekani. Uranium ya Shinkolobwe ilipelekwa Marekani, na baadaye ikatumiwa katika bomu la mwaka wa 1945. Wafanyakazi waliambiwa kazi yao ni kazi kubwa ya vita, waongeze bidii. Bei za vitu zilipanda, mishahara haikupanda nazo. Desemba 1941 wafanyakazi wa Elisabethville waligoma. Aliyesema kwa ajili yao alikuwa karani, jina lake Léonard Mpoyi. Tarehe 9 Desemba 1941, watu wakiwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira, askari walipiga risasi. Watu wengi walikufa, na Mpoyi alikuwa mmoja wao. Sifa ya bidii ilikuwa tayari kila siku. Siku mtu alipoomba chakula kwa bidii ile, alipewa risasi. Na sisi makarani tukumbuke jambo moja: Mpoyi naye alijua kuandika. Angeweza kukaa kitini na kusifiwa.

Baada ya vita Wabelgiji walitafuta njia nyingine. Mwaka wa 1948 walileta Carte du mérite civique, mkanda wa kuonyesha kwamba mtu ni mwenye sifa njema. Kuupata, ilifaa mtu ajue kusoma, asiwe na wake wengi, asiwe na hukumu ya mahakama. Mwaka wa 1952 wakaleta mkanda wa juu zaidi, ulioitwa immatriculation. Kwa huu wa pili watu walitumwa nyumbani kwa mwombaji. Walitazama meza, vitanda, jiko. Waliuliza jinsi mke anavyosema na jinsi watoto wanavyokula. Mtu mzima, baba wa watoto, alisimama katika nyumba yake mwenyewe akingoja mgeni ahukumu kama uma umewekwa upande unaofaa.

Na matunda yake? Mpaka mwaka wa 1958 waliopata immatriculation walikuwa 217 katika inchi yote, inchi ya watu zaidi ya milioni kumi. Tena waliopata mkanda hawakupata mshahara wa mzungu. Lakini hasara kubwa haikuwa hiyo. Hasara ilikuwa kwa maelfu walioungoja mkanda. Mtu anayengoja kusifiwa hawezi kusema neno gumu, maana anaogopa litaandikwa. Anaona haya kumkaribisha mjomba wake kutoka kijijini, maana mjomba anakula kwa mkono. Anajitenga na mtu wa shimo. Serikali haikuhitaji askari wa kumlinda mtu wa namna hiyo. Alijilinda mwenyewe, usiku na mchana.

Patrice Lumumba alipita njia hiyo pia. Alikuwa karani wa posta Stanleyville, akaomba immatriculation, akakataliwa kwanza, akaipata mwaka wa 1954. Mwaka wa 1956 alitiwa gerezani kwa mambo ya fedha za posta. Basi alionja vyote viwili: mkanda wa heshima na nguo za mfungwa. Mtu mwingine angetumia maisha yake yote kuutafuta tena ule mkanda. Yeye alitoka, na Oktoba 1958 alikuwa kati ya waliofanya Mouvement National Congolais. Tarehe 30 Juni 1960, Mfalme Baudouin alisimama Léopoldville akasifu kazi ya Leopold II, akawapa Wakongo mashauri kama mtu anavyowapa watoto. Lumumba alijibu kwa kutaja mambo yaliyotendeka: kazi ya kulazimishwa, matukano, mapigo, mashamba yaliyonyang'anywa. Magazeti mengi ya Ulaya yalimtukana kwa jibu lile. Wengine walimsifu kama malaika. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa, si mbali na Elisabethville. Hatusemi kwamba hakukosa kitu. Tunasema siku ile alipima maneno yake kwa mambo aliyoyaona, si kwa makofi.

Na sisi wa Katanga tusisahau habari yetu. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangazwa kuwa inchi ya peke yake. Magazeti ya Ubelgiji yaliisifu: hapa kuna utaratibu, hapa kuna watu wenye akili, si kama kule kwingine. Washauri walikuja, askari wa kulipwa walikuja, sifa zilijaa. Lakini serikali ya Ubelgiji, iliyosaidia kwa mambo mengi, haikuitambua kamwe kwa mkanda rasmi. Wala serikali nyingine hata moja. Mambo yale yalikwisha Januari 1963, baada ya damu nyingi, na ndugu waliokuwa majirani katika kambi moja walikuwa wamekimbizana. Neno lile «ninyi si kama wengine» ndilo lile lile tuliloambiwa sisi katika kiti cha ofisi. Anayekuambia hivyo anataka ukosane na wengine kwanza.

Basi tufanye nini? Tuzibe masikio? Hapana. Mtu aliyeziba masikio hasikii hata kengele ya hatari shimoni. Tujifunze kwa kazi yetu wenyewe.

Ninyi mnajua mawe. Kuna jiwe la kijani, linang'aa, linapendeza, mgeni akiliona anafurahi. Kuna jiwe jingine jeusi, kama makaa ya jikoni, mgeni analipiga teke. Kampani inafanya nini? Haiulizi lipi linapendeza. Inachukua kipande, inakisaga, inakipeleka kwa wapimaji, nao wanasema: hapa kuna shaba kiasi hiki, hapa kuna kobalti kiasi hiki. Mara nyingine lile jeusi lina mali kuliko lile la kijani. Neno la mtu ni jiwe. Usilitie mfukoni kwa sababu linang'aa, usilitupe kwa sababu ni jeusi. Lisage kwanza.

Ukisifiwa, jiulize: huyu anayenisifu anataka mkono wangu ufanye nini kesho? Kama hataki kitu, sema asante, rudi kazini. Kama anataka kitu, kitazame kile kitu peke yake, bila ile asali, uone kama ungekifanya.

Ukitukanwa, jiulize: ndani ya tusi hili kuna habari ya kweli? Sisi tulipoitwa mbwa wa mlangoni, tusi lilikuwa chafu, lakini ndani yake mlikuwa na ripoti ya uwongo, nayo ilikuwa kweli. Ilifaa tutoe kweli, tuioshe, tuitumie, na uchafu tuuache. Shuleni mompere alirudisha daftari zetu zikiwa nyekundu kwa wino. Tulilia. Lakini kwa wino ule mwekundu tulijua kuandika; hakuna mtoto aliyejua kuandika kwa kusifiwa tu.

Tena jiulize: kama hakuna mtu angejua, hakuna wa kusifu wala wa kutukana, ningefanya nini? Jibu la swali hilo ndilo sauti yako. Lililobaki ni sauti za watu.

Tunaongeza neno moja, hata kama wakubwa wa chama waliokaa mbele watakunja uso. Chama nacho kina asali yake. Siku ya mkutano mtaitwa mashujaa. Mtu akiuliza habari za hesabu za chama ataitwa msaliti. Pimeni na maneno hayo. Chama kinachoogopa mizani si chenu. Uhuru wa inchi uliletwa kwa tarehe, nayo ni 30 Juni 1960. Uhuru wa moyo hauna tarehe. Kila mtu anautafuta dirishani pake, kila asubuhi.

Mtauliza: na yule fundi? Tulikwenda nyumbani kwake. Alikuwa amekaa nje, mguu juu ya kiti kidogo. Tulisema, «Baba, tulikosa juu yako.» Alinyamaza sana. Kisha akasema, «Buku la Ijumaa bado lipo?» Lilikuwepo. Tuliandika barua, tukanakili maneno ya Ijumaa ile pamoja na tarehe, tukatia majina yetu chini, tukaipeleka kwa bwana mkubwa na nakala kwa mkaguzi wa kazi. Tulikwenda pia mbele ya watu wa sanduku la maziko, tukafungua buku, tukasoma majina yale mawili kwa sauti.

Bwana mkubwa hatupi tena kiti. Wale wawili hawatusalimu barabarani. Kambini wengine wanasema tumefanya vile ili tusifiwe. Mambo ya mguu wa fundi bado yako mbele ya mkaguzi, hatujui yataishia wapi. Lakini kesho asubuhi mtakapopita dirishani na kusema «Karani, andika», mjue kwamba litaandikwa neno mlilosema.

Mwenye swali aulize.