Redio ina haraka gani?



Juma lililopita nilikuwa Nyamuswa, kwa Waikizu, katika Wilaya ya Bunda. Dukani redio ilikuwa ikipiga litungu, ile ala ya nyuzi nane ya Wakurya. Mpigaji alikuwa amemaliza salamu, ndiyo kwanza anaingia kwenye kisa chenyewe, mara akakatwa, likaingia tangazo la sabuni. Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi, alipoambiwa kazi yangu, akaniuliza: "Mwanangu, hiyo redio yenu ina haraka gani?"

Sikuwa na jibu, maana nami nimefanya hivyo. Zamani studioni nilimkata mpigaji litungu ili niwahi salamu za wasikilizaji. Alikuwa anakaribia kuwataja marehemu wa ukoo wake. Alichukua litungu lake akatoka bila kuniaga. Baadaye naye akafariki, na sauti yake hatukuwa tumeihifadhi.

Wapo wanaosema muziki mrefu hauna msikilizaji. Tutazame opera, mchezo ambao wahusika huimba badala ya kusema, na ambao huweza kuchukua saa tatu. Jumba la Metropolitan Opera la New York lilianza kurusha opera nzima redioni mwaka 1931, na hadi leo linaendelea. Uingereza nako, mwaka 1946 BBC ilianzisha idhaa iliyotoa nafasi kwa muziki wa namna hiyo.

Wala muziki huo si mgeni kwetu. "Haleluya" inayoimbwa na kwaya zetu Krismasi na Pasaka imo katika Messiah, aliyoitunga Handel mwaka 1741. Kazi nzima huchukua zaidi ya saa mbili. Je, ni waimbaji wangapi wa kwaya hizo wamewahi kuisikia yote redioni?

Sisemi tuache bongo fleva, wala matangazo ya biashara yanayotulipa mishahara. Lakini tangu sheria ya mwaka 1993 iruhusu watu binafsi kuanzisha redio, stesheni zimekuwa nyingi, hata Bunda na Musoma zipo. Saa moja tu kwa juma haiwezi kuwashinda. Wiki hii litungu, wiki ijayo Handel au Verdi. Mtangazaji aeleze kisa kwa Kiswahili, kama Mwalimu Nyerere wa Butiama alivyotufasiria Shakespeare katika Mabepari wa Venisi. Amtaje mpigaji kwa jina. Kisha anyamaze mpaka mwisho, na kanda ihifadhiwe.

Stesheni isiyoweza kumvumilia Handel kwa saa moja haitamvumilia mpigaji litungu pia. Tofauti ni kwamba Handel ameandikwa na kurekodiwa dunia nzima. Wa kwetu akikatwa, basi.

Mzee wa Nyamuswa bado anangoja mwisho wa kile kisa.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.