Mtoto Aliyesomea Nyumbani Anapoingia Darasani

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika mkutano wa wazazi na walimu kabla ya kufunguliwa kwa muhula wa kwanza.

 

Nimeombwa kuzungumzia watoto ambao hadi sasa wamesomea nyumbani, na wiki ijayo wataingia darasani kwa mara ya kwanza. Kuna familia zilizoanza kuwafunza watoto wenyewe shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa zote Januari 2021 zikaendelea vivyo hivyo. Kuna watoto waliobaki nyumbani kwa maradhi, kwa ulemavu au kwa sababu shule iko mbali.

Wazazi wa watoto hawa, karibuni. Msiogope kuulizwa mlikuwa wapi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani ili imkubali au imkatae. Mtihani unaoruhusiwa ni ule wa kujua anafaa gredi gani, kulingana na umri na kiwango chake cha masomo.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Kutojua desturi za darasa si kutojua masomo.

Nyumbani, mama akiuliza swali, wa kujibu ni mtoto yuleyule. Asipoelewa, anauliza papo hapo. Akisikia njaa, anakula. Darasani kuna kengele, kuna foleni, kuna kunyosha mkono na kungoja zamu. Katika gredi za chini kipindi ni dakika 30, na kikiisha somo linabadilika hata kama hesabu yake haijakamilika.

Mtoto huyu atajibu bila kunyosha mkono. Akikemewa na wenzake wakicheka, kesho atanyamaza. Wiki ya pili ataitwa mzito, na jina likishashika, kulibandua ni kazi. Hivyo ndivyo mtoto anayejua kusoma vizuri anavyoweza kurudi nyumbani akilia kwamba hataki shule tena.

Wazazi, tuna siku chache za kumwandaa. Mpeleke shuleni kabla ya kufungua. Mwonyeshe darasa lake, mfereji na choo. Amshwe saa ya shule kuanzia sasa. Mfundishe sentensi tatu, azizoee: “Mwalimu, naomba ruhusa niende msalani.” “Mwalimu, sijaelewa.” “Hiyo ni kalamu yangu, tafadhali nirudishie.” Mtoto mwenye sentensi hizo hatajikojolea kwa aibu, hataachwa nyuma kimyakimya, wala hatapigania kila kitu.

Beba cheti cha kuzaliwa, na ubebe pia madaftari aliyotumia nyumbani. Madaftari yatamwonyesha mwalimu mtoto amefika wapi. Jioni usimuulize amekuwa nambari ngapi. Muulize amecheza na nani. Akikosa jina la kutaja siku tano mfululizo, nenda ukazungumze na mwalimu.

Walimu, najua madarasa yenu yamejaa. Ombi langu halihitaji pesa. Mketishe karibu na mwanafunzi mpole anayejua mambo ya shule, amwonyeshe njia. Mweleze kanuni kabla ya kumlaumu kwa kuivunja. Tukumbuke kwamba kifungu cha 36 cha sheria hiyohiyo kinakataza kumchapa mwanafunzi na pia kumtesa kiakili. Kumwita “mtoto wa mama” mbele ya darasa kunaumiza.

Tena msimzime maswali yake. Mtoto aliyezoea kuuliza “kwa nini?” ndiye hasa mtaala wa umilisi unaomtaka. Mfundisheni kungoja zamu, lakini swali lenyewe alihifadhi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu naomba tuongeze siku. Tumpe muhula mzima kabla ya kumpima na wenzake.

Mwisho, mjue pa kwenda mkikwama. Elimu ya chekechea, yaani PP1 na PP2, ni jukumu la serikali ya kaunti, kwa hivyo njooni katika idara yetu ya elimu. Kuanzia Gredi ya Kwanza, shule ziko chini ya serikali ya kitaifa, na mlango wa kubisha ni wa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Ukija kwetu na jambo lisilo letu, tutakuelekeza. Hatutakufukuza.