Anasikia Kamio, Lakini Anasikia Neno?



Leo tunaongea juu ya masikio ya watoto. Kati yetu kuko familia zilizorudi kutoka Zambia, kwenye kambi ya Mantapala kule Nchelenge, iliyofunguliwa mwaka 2018. Mutoto aliyekulia kule alizoea Kibemba. Akifika hapa Kinsevere anaitwa, haitiki. Watu wanasema: «Hajui Kiswahili.» Wengine: «Iko na kichwa nguvu.» Inaweza kuwa kweli. Lakini kama tunamuita kwa Kibemba, kwa jina lake, akiwa ametupa mugongo, na bado haitiki, ile si neno ya luga tena. Tuangalie masikio.

Wazazi wengi wanatuambia: «Anasikia, kamio ikipiga oni anageuka.» Ndiyo, sauti nguvu inamufikia. Lakini sauti nyembamba kama s, f na t zinamupita. Kwake «kisu» na «kitu» ni neno moja. Kusikia sauti si kusikia neno.

Tufanye nini? Tununue kaye na biki. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Marekani, Karen Anderson na Joseph Smaldino, walitengeneza maulizo 15 kwa ajili ya wazazi: nyumbani mutoto anasikia vipi, alama 1 mpaka 8. Nane, anasikia yote. Moja, hata hajui kama kuko mutu anayesema. Sisi tuanze na tano tu, kila posho:

1. Uso kwa uso, nyumba ikiwa kimya.
2. Mugongoni kwake, hatua tatu.
3. Kutoka chumba kingine.
4. Mvua ikipiga mabati, ao karibu na mashini ya kusaga.
5. Wakati wa kula bukari, watu wengi wakisema pamoja.

Musionyeshe kwa mukono, juu macho yake yatasaidia masikio. Mama aandike alama yake, baba ao dada mukubwa aandike yake. Tena muandike mufano: «Tulimutuma chumvi, akaleta sabuni.»

Dokta anamuona mutoto dakika kidogo. Ninyi munamuona kila siku. Ile kaye ndiyo itamuonyesha mambo ya nyumbani. Mwalimu naye akiisoma, atajua kumukalisha mbele. Kwa mutoto mwenye kuvaa aparei, alama zikishuka gafula, muangalie kwanza pili, kisha kama ntaka imeziba.

Shirika la Afya Ulimwenguni linasema karibu 60 kwa 100 ya uziwi wa watoto ingeweza kuzuiwa. Surua na meninjite zinaharibu masikio, chanjo inasaidia. Usaha ukitoka, musitie mafuta, majani wala kijiti. Mupeleke mutoto kwenye santre ya afya. Na kama alama zinabaki chini, safari ni ya kilometa 30 hivi mpaka Lubumbashi, kwa dokta wa masikio. Musingoje akue: miaka ya kwanza ndiyo miaka ya kujifunza kusema.

Mutoto asiyesikia muzuri si mujinga, na fimbo haifungue sikio. Kwa mukutano unaokuja, kila muzazi alete kaye yake. Tutazisoma pamoja, tuone nani inaomba asindikizwe kwanza.