Muhogo, Ubongo na Vijana wa Mara

Mhadhara wa umma, Manyamanyama, Bunda



Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime, hapa mkoani Mara, walianza kupooza miguu, hasa watoto na akina mama. Ulemavu uliwajia ghafla, na haukuondoka tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka Kongo. Unahusishwa na sayanidi ya muhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka wakati wa njaa, huku mwili ukikosa protini za kuusaidia kuondoa sumu. Neva zinazoteremsha amri za ubongo hadi kwenye uti wa mgongo ndizo zinazoumia.

Mwaka 1990 jarida la Brain la Uingereza lilichapisha utafiti wa konzo hapa Tanzania. Waandishi walikuwa wanne: Howlett, Brubaker, Mlingi na Hans Rosling wa Sweden. Mtanzania ni mmoja tu, Mlingi. Siwalaumu wale wengine. Kazi yao ilikuwa na thamani. Lakini fikirini: ni nani anayejua udaga, yaani muhogo wa kuvundikwa na kukaushwa, uvundikwe siku ngapi, na ni nani katika kaya anayepunguza siku hizo chakula kikiisha? Mtoto wa mkulima wa Mara anayajua hayo kabla hajafika darasa la saba. Kwa hiyo tunapomsaidia kuingia katika sayansi ya ubongo, tusidhani tunamtolea sadaka. Sayansi yenyewe inamhitaji.

Kwa kawaida anaingiaje? Anaajiriwa kutafsiri maswali kwa Kikurya au Kijita, anakusanya sampuli, anasaini posho. Mradi ukiisha, sampuli zinasafiri na yeye anabaki.

Shahada ya kwanza ina Bodi ya Mikopo, na tangu 2022 kuna ufadhili wa masomo uitwao Samia Scholarship kwa waliong'ara katika sayansi kidato cha sita. Pengo liko baada ya hapo. Maabara zinataka uzoefu, na uzoefu unapatikana kwa kujitolea miezi kadhaa bila malipo, jijini, penye kodi ya chumba na nauli ya daladala. Mwenye mjomba Dar es Salaam atavumilia. Binti wa Manyamanyama anayetumiwa ujumbe wa kutuma hela nyumbani atakwenda kuuza katika duka la simu, na hapo tutasema hakuwa na moyo wa sayansi! Mlipeni.

Nako kukosa mashine kubwa kusitufunge mikono. Mwaka 2011, Ishaka nchini Uganda, wanasayansi wa neva Lucia Prieto-Godino, Sadiq Yusuf na Tom Baden waliendesha mafunzo ya sayansi ya neva kwa kutumia wadudu, wakiwemo nzi wa matunda. Nzi hao hula ndizi zilizoiva kupita kiasi, hawadai bajeti. Nobeli ya tiba ya 2017 ilitokana na utafiti wa saa ya mwili uliofanywa kwa nzi hao hao.

Mtafiti anayetaka kuja kwetu huomba kibali kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Napendekeza fomu iongezwe swali moja: mradi ukiisha, ni kijana gani wa hapa atakayekuwa anajua kuchambua data, na jina lake litakuwa wapi kwenye makala? Na anayejibu kwamba vijana watakusanya sampuli arudishiwe fomu yake.