Baada ya mbio, chai ya maziwa au kinywaji cha chupa?

Msikilizaji, hoja yetu leo ni hii: aliyemaliza kilomita 42 anywe nini? Inamhusu pia anayekimbia jioni mtaani, maana chupa ya kinywaji cha michezo mara nyingi ni ghali kuliko maziwa.

Kwanza, tuangalie kilichopotea. Jasho limeondoka na maji na chumvi, misuli imetumia akiba yake ya wanga, na sasa inahitaji protini ili ijijenge upya.

Wanaotetea chupa wana hoja: ina maji, sukari na chumvi kwa kipimo, na tumbo lililochoka huipokea kwa urahisi. Kwa upande wa pili, wakimbiaji wengi wa Iten, Kenya, hurudi kutoka mazoezini na kunywa chai ya maziwa yenye sukari. Maziwa yana protini, ambayo vinywaji vingi vya chupa havina. Ila si kila tumbo linapatana na maziwa.

Na tahadhari moja: maji matupu kupita kiasi hushusha kiwango cha chumvi kwenye damu, jambo ambalo ni hatari.

Basi tujiulize: ikiwa sufuria ya nyumbani inatosha, tunaponunua chupa tunalipia nini hasa?